Kinini cha Rangi Mbili

Mtu akikuambia kwamba Donat Nkandu wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa na kichwa kigumu, mwambie hamjui. Kichwa cha Donat kilikuwa laini tu. Ukikaa naye vizuri anakusikiliza. Kilichokuwa na kiburi ni jicho lake. Na lile jicho, jamani, kwa miaka mingi lilistahili kiburi hicho. Halafu likaacha kustahili, na hakuna aliyelipasha habari.

Miaka thelathini na minne alikata malashiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotoka kwenye mashimo ya shaba. Baba yake aliteremka kutoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, akatamani mtoto naye avae ovaroli ya reli. Donat akakataa. Akiwa na miaka ishirini na tatu alijipeleka mwenyewe kwa fundi mmoja wa mawe, akaketi chini, akaanza kusugua vipande vilivyotupwa. Leo ukipita nyuma ya nyumba yake utakuta meza, jiwe la kunolea linalozunguka umeme ukiwapo, ndoo ya maji, na matope ya kijani hadi mlangoni. Anatoa tembo, viboko, misalaba, mayai, sahani ndogo za kuwekea pete. Mkewe Jeanne ndiye anayevifunga vitu hivyo kwenye magazeti na kuvipeleka mjini, kwenye maduka ambako wageni hununua zawadi kabla ya kupanda ndege.

Mafundi wengine huchora mstari kwa kalamu kabla ya kukata. Donat alikuwa akiwacheka. Yeye alishika jiwe, akaligeuza kwenye mwanga mara moja, mara mbili, akaona pale mistari inapokutana, akakata. "Jiwe iko na mushono sawa nguo," alisema. "Miye naonaka mushono." Na ni kweli, aliuona.

Shida ni kwamba alikuwa na jicho moja tu la kuonea. La kushoto lilipigwa na kipande cha jiwe zamani, wakati Lydie, binti yao wa kwanza, alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Tangu hapo likabaki la kupamba uso. La kulia ndilo lililolisha nyumba na kusomesha watoto watano. Basi mwaka juzi hilo la kulia likaanza kuingia ukungu. Kwanza Donat akalaumu umeme. Kisha akalaumu dirisha, akamwambia Jeanne alioshe. Jeanne akaliosha mara tatu kwa wiki moja, akachoka, akamburuta mumewe hadi kwa daktari wa macho.

Ilikuwa katarakti, mtoto wa jicho. Si jambo la kutisha, daktari akasema, linatolewa kwa nusu saa na mtu analala kwake. Ila daktari wa kupasua hakai Lubumbashi. Anakuja mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja, anafanya kazi wiki moja, anaondoka. Mwezi wa tano ulipofika Donat akaoga, akavaa shati la Jumapili, akapanga foleni na wenzake. Akafika mpaka mlangoni mwa chumba chenyewe, kofia ya karatasi kichwani. Wakamfunga mkono, wakapuliza mashine ya kupimia shinikizo la damu, ikasema kumi na tisa juu ya kumi na moja.

Daktari akatikisa kichwa. "Papa, siwezi kugusa jicho lako na tansio hii. Damu inaweza kumwagika ndani ya jicho wakati niko nafanya kazi, na jicho uko nalo moja tu. Enda uishushe. Ikiteremuka chini ya kumi na sita, tutaonana mwezi wa kumi na moja."

Donat akavua ile kofia ya karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia msichana aliyempa. Njia nzima hadi nyumbani hakusema neno. Jeanne akajua mume wake anaogopa, maana Donat ni mtu wa kuongea hata na kuku. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Fundi wa mawe asiye na jicho atakuwa nani? Atakaa kwenye kiti uani, asikilize mashine za wengine.

Hivyo ndivyo walivyoingia mikononi mwa Mama Mwansa, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimpima Donat, akaandika. Kisha akamgeukia Jeanne. "Na weye, leta mukono."

"Miye siko mugonjwa," Jeanne akasema. "Nimemusindikiza."

"Leta tu."

Kumi na saba na nusu juu ya kumi. Jeanne alitazama ile mashine kwa hasira, utadhani imemtukana mbele ya watu. Basi kila mmoja akaandikiwa dawa yake: Donat kinini kimoja, kidonge kidogo cheupe, Jeanne kinini cha rozi, rangi ya waridi. Wakameza mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Tansio ilisogea kidogo, ikakaa. Donat kumi na nane, Jeanne kumi na saba. Mwezi wa tisa daktari wa kituo akasoma karatasi zao, akasema dawa moja moja haitoshi kwa hawa wazee, wapewe ile ya pamoja.

Mama Mwansa akampa kila mmoja kartoni yake. Ndani mlikuwa na vinini vya duara, upande mmoja vyeupe, upande mwingine vya rozi, vimeungana katikati. "Ni dawa mbili ndani ya kinini kimoja," akasema. "Kila mutu kimoja, kizima, kila asubuhi, saa ile ile. Musikitoe mu karatasi yake mbele ya saa ya kukimeza." Donat alisikia vizuri mpaka pale kwenye dawa mbili. Baada ya hapo masikio yake yalikuwa yamekwisha kwenda kazini.

Jumapili, walipotoka misa ambako Donat huimba kwaya, alikaa kwenye meza yake ya mawe, akatoa kinini kimoja, akakigeuza kwenye mwanga mara moja, mara mbili. Akaanza kucheka peke yake.

"Mama Lydie! Kuya uone. Bale bantu banatuonaka bajinga."

Jeanne akaja, mikono ina unga wa bukari. "Nini tena?"

"Hii nyeupe njo dawa yangu. Hii ya rozi njo dawa yako. Balichukua mbili, balishikamisha na kole. Unaona mushono? Uko hapa. Sasa miye Donat nimeze dawa ya bibi yangu, ya kazi gani? Na weye umeze ya bwana?"

"Mama Mwansa alisema kila mutu kimoja kizima."

"Mwansa ni muntu ya karatasi. Miye ni muntu ya jiwe." Akaweka kinini juu ya ubao, akakiegemeza kidogo kwa kucha, akaweka wembe mpya, akagonga kwa nyundo ndogo. Tak! Nusu mbili. Akazitazama kwa furaha ya kweli, maana tangu mwezi wa tano alikuwa hajafanya kitu kikampendeza. Akakata cha pili, cha tatu, akakata kartoni nzima, akazijaza nusu zote kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya kujipaka, akakiweka dirishani. Tangu siku hiyo yeye alichagua nyeupe, akampa Jeanne za rozi. Kartoni ya pili haikuguswa. Jirani yao Désiré, fundi wa magari, alikuja mwenyewe kuangalia ule ukataji, akasema hajawahi kuona mtu mwenye mkono kama huo. Unafikiri baada ya sifa kama hiyo Donat angesikia la mtu?

Jeanne hakupenda. Lakini alimwona mumewe anapiga mluzi tena asubuhi, akameza alichopewa.

Mwezi wa kumi mvua zikaanza, na ikafika siku ya kurudi kwa Mama Mwansa. Zilibaki wiki nne kabla ya daktari wa macho. Donat aliingia kituoni kifua mbele, akamwamkia kila mtu aliyekaa kwenye benchi. Akatoa mkono kama anayekwenda kupokea zawadi. Mashine ikasema kumi na nane. Mama Mwansa akapima tena. Kumi na nane. Akampima Jeanne, kumi na saba. Akaweka kalamu chini.

"Hapana," akasema. "Hii haiwezekane. Papa Donat, unamezaka?"

"Kila siku! Sijaruka ata moja."

"Leteni kartoni nione."

Ni desturi yake hiyo. Kwa Mama Mwansa huendi bila kartoni; anahesabu vinini vilivyobaki mbele yako, na hapo ndipo waongo wanapoanza kukohoa. Jeanne akafungua mfuko, akatoa kartoni mbili. Moja tupu. Ya pili haijafunguliwa hata pembe.

Mama Mwansa akaishika ile nzima, akamtazama Jeanne, akamtazama Donat. Na Donat, bila aibu yoyote, alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameisubiri nafasi hii mwezi mzima. Akatia mkono kwenye koti, akatoa kile kikopo. "Mama Mwansa, na weye ujifunze kintu leo," akasema, akaeleza yote, mshono, wembe, dawa ya bwana na dawa ya bibi.

Mama Mwansa alimimina nusu zilizobaki juu ya karatasi nyeupe. Nyingine zilikuwa zimeanza kulainika kwa unyevu. Hakupiga kelele. Hakucheka. Akazisogeza kwa kidole taratibu, kisha akasema, "Papa, nichagulie zako."

Donat akainama, akachagua. Moja, mbili, tatu, nne. "Hizi hapa. Nyeupe."

"Hii ya tatu nayo?"

"Nyeupe."

"Mama Jeanne, iko rangi gani?"

Jeanne akatazama sakafu. Benchi la nje lote lilikuwa limetega sikio, maana mlango wa Mama Mwansa haufungiki vizuri. "Iko na rozi," akasema polepole. "Upande moja."

"Na hii ya kwanza?"

"Na yo pia. Iko na rozi."

Donat akaichukua ile nusu, akaipeleka karibu na jicho, karibu zaidi, mpaka ikagusa kope. Akaona ukungu. Akaona kitu cheupe ndani ya ukungu. Mshono aliokuwa ameukata kwa raha zote zile hakuuona, na akaelewa kwamba hata ile Jumapili hakuuona. Aliukumbuka tu jinsi mishono inavyokuwa. Akanyong'onyea kabisa. Akaketi, kiti kikalia chini yake.

"Sikia, papa," Mama Mwansa akasema, akavuta kiti chake karibu. "Kwanza, mulirudi kwa dawa ileile ya mbele, ile ilishindwa. Kila mutu na nusu yake. Na nusu yenyewe tena haikukatwa sawa. Njo maana tansio haikutoka pale ilikuwa. Sasa nikuulize. Weye unakataka jiwe bila maji?"

Donat akashtuka. "Bila maji? Jiwe itaungua, itapasuka. Na ile mavumbi itakuua."

"Na maji bila musumeno?"

"Maji peke itakata nini, mama?"

"Sasa juu ya nini weye ukamate musumeno, bibi yako umupe maji?"

Nje mtu mmoja kwenye benchi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Moja inalegeza mishipa," Mama Mwansa akaendelea. "Ingine inazuia mwili kuikaza tena. Zinafanya kazi pamoja, ndani ya muntu moja. Hakuna ya bwana, hakuna ya bibi. Wote wawili muko na lazima ya zote mbili." Akazoa zile nusu zote, akazitupa kwenye ndoo yake ya taka. Ile ilimuuma Donat, usiseme. Kisha akaifungua kartoni nzima, akachukua nyingine kutoka kabatini, akaandika jina la Jeanne juu yake kwa herufi kubwa. "Iko wiki nne. Inatosha. Kama munanisikia, inatosha."

Sasa hapa watu wa Katuba husimulia kwamba Donat alibadilika siku hiyohiyo akawa mwanakondoo. Uongo. Siku tatu alinuna. Siku ya nne akaanza kusema ni ule wembe, haukuwa mzuri. Lakini alimeza. Kila asubuhi, redio ikianza habari za saa kumi na mbili, Jeanne alikuja na vikombe viwili vya maji, akavunja karatasi ya kinini mbele ya macho yake, wakameza wote wawili wakitazamana kama watoto wanaoshindana. Siku za mwanzo Donat akisimama ghafla kichwa kilikuwa chepesi. Mama Mwansa alikuwa amewaonya, basi akajifunza kukaa kidogo kitandani kabla ya kuinuka. Jeanne, ambaye kwao ni Pweto, kando ya ziwa, na hawezi kuishi bila samaki mkavu, akaanza kumlowesha samaki usiku kucha na kuimwaga ile chumvi. Alimlalamikia Mungu kwa sauti kila alipofanya hivyo.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Donat akapata wazo tena. "Mama Lydie, leta vinini viwili leo. Na kesho viwili. Tuikanyage tansio kabisa."

"Kimoja."

"Jicho ni langu!"

"Na miye ni bibi yako, na nimechoka na akili yako." Kartoni zote mbili alizifunga kwenye ncha ya pagne yake, kile kitenge cha kiunoni, na humo zikalala. Donat akazunguka uani, akaongea na kuku, akarudi, akameza kimoja.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walipanga foleni chini ya baraza, watu arobaini, kila mmoja na msindikizaji wake. Wawili waliomtangulia walirudishwa, mmoja analia. Donat akavaa kofia ya karatasi. Mapigo ya moyo aliyasikia hadi kwenye meno. Akakaa kama alivyofundishwa, mgongo kwenye kiti, miguu chini, mdomo umefungwa, na kwa Donat kufunga mdomo dakika tano ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Wakamfunga mkono, wakapuliza mashine.

"Kumi na tatu na nusu juu ya nane," msichana akasema.

"Sema tena."

"Kumi na tatu na nusu juu ya nane, papa. Iko muzuri."

"Sema kwa nguvu, bibi yangu iko pale nyuma."

Msichana akacheka, akasema kwa nguvu. Jeanne akainua mikono yote miwili juu, mfuko ukaanguka, hakuuokota. Donat akaingia chumbani anatembea kwa miguu yake, hakungoja kushikwa mkono.

Kwa kuwa hana jicho la pili, usiku huo walimlaza hapohapo, na kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji. Daktari akanyoosha vidole, Donat akahesabu kabla hajamaliza kuulizwa. Akahesabu na vifungo vya koti la daktari, na vioo vya dirisha, na akasema kuna buibui kwenye kona ya juu, wamwondoe. Daktari akamwambia atulie, jicho bado changa. Lakini nani angemtuliza? Kila kitu kilikuwa na ukingo wake. Kisha Jeanne akaja na kikombe cha maji na kinini chake cha asubuhi, akamnyooshea mkono.

Donat hakuchukua kikombe. Alikuwa anatazama vidole. Kwenye kila mkunjo, pembeni ya kila kucha, ndani ya ngozi iliyopasuka kwa maji, mlikuwa na kijani. Si vumbi la mtu anayefunga mawe kwenye magazeti. Rangi ile anaijua, anayo mwenyewe tangu ujana. Inaingia hivyo kwa mtu anayesugua jiwe kwa karatasi ya msasa ndani ya maji, saa na saa, miezi na miezi.

"Jeanne. Hizi vidole."

Jeanne akauvuta mkono, akauficha chini ya pagne, kikombe kikamwagika kidogo. "Meza dawa yako."

"Unasuguaka?"

Jeanne akageuka, akaweka kikombe chini.

"Unasuguaka mawe yangu?"

"Siku za kwaya," akasema mwishowe. "Ukienda kuimba. Ulikuwa unaacha mikwaruzo, baba Lydie."

"Mingi?"

"Mingi."

Donat akafikiria mwaka mzima. Wenye maduka mjini walivyosema mawe yake bado yanang'aa kuliko ya wote, na yeye alivyorudia maneno hayo kwa Désiré, kwa watu wa kwaya, kwa yeyote aliyesimama karibu. Uso ukamwaka moto. Si aibu tu. Kulikuwa na kitu kingine kikubwa kuliko aibu.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeacha kazi," Jeanne akasema. "Na weye bila kazi, miye nitaishi na nani?"

Msichana wa jana akaingia akisukuma mashine yake ya tansio, akauliza nani anaanza. Donat alikuwa ameutoa ule mkono chini ya pagne na kuushika kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Akamwambia ampime bibi yake kwanza.